Honi na Usingizi wa Chiriku

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, watu wote wanamwita Honi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa kule gereji, likamkaa kama shati lililoshonwa kwa kipimo. Kazi yake ni kunyoosha bodi. Gari likigongwa na kuletwa limejikunja kama karatasi iliyofutiwa mikono, yeye ndiye anayelirudishia sura, kwa nyundo, kwa moto, na kwa matusi mepesi anayolitukana lile bati mpaka litii. Miaka ya nyundo imemla masikio. Na kwa kuwa hajisikii mwenyewe anapoongea, anadhani wengine nao hawamsikii. Akikunong'oneza siri ya nyumbani kwake, muuza vocha wa ng'ambo ya barabara anaipata nzima, na wakati mwingine anachangia ushauri.

Mimi ni mpiga rangi wa gereji hiyo hiyo. Yeye ananyoosha, mimi napaka. Kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa.

Honi si mtu wa kutulia. Ukimkalisha kwenye kiti, mguu unacheza. Ukimpa chai, anainywa akizunguka na kikombe kama anatafuta mahali pa kukitupa. Ukimwambia subira yavuta heri, anakujibu kwamba methali hiyo ilitungwa na watu wenye viti vizuri. Dada yangu ni kinyume chake. Ni mtu wa maneno machache, na akisema jambo amelipima kwanza. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya alfajiri, na hata unga ukimjaa kwenye nyusi haupanguzi mpaka amalize alichokianza.

Mtoto wao ni mmoja, wa kike, na sisi tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Anaamka akiongea na analala katikati ya sentensi. Alipotimiza mwaka wa tatu tukaanza kuona anajigonga kwenye milango. Tukasema ni utundu. Kisha akaanza kupapasa kikombe kilicho mbele yake, na dada akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona ndani ya mboni weupe kama maziwa yaliyomwagika. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu wengi wanadhani hayo ni maradhi ya wazee. Hata sisi tulidhani hivyo.

Dada akiwa kiwandani, Chiriku alishinda gereji na baba yake. Gereji si mahali pa mtoto, seuze mtoto asiyeona vizuri. Kuna moto, kuna mabati yenye makali, kuna magari yanayorudi nyuma bila kuuliza. Honi alimtengea lori bovu lisilo na injini, akamtandikia godoro kwenye kiti cha mbele, akafunga mlango kwa kamba. Na akajizoesha jambo moja ambalo wateja walilicheka sana mwanzoni. Kila alichokifanya alikitangaza. "Baba anapita mbele yako. Baba anawasha moto, usitoe mkono. Sasa nageuza mlango, utasikia unalia, usijali, ni bawaba." Chiriku naye alijibu kutoka kwenye lori, akiuliza bawaba ni nini na kwa nini inalia. Mchana ukipanda alilala mle mle, nyundo ikigonga na baba yake akipiga kelele, usingizi mzito kabisa.

Daktari wa macho alitaka kwanza amchunguze vizuri, na mtoto wa umri ule hakubali kumulikwa taa machoni. Kwa hiyo wakampa nusukaputi, dawa ya kumlaza. Ilikuwa kazi fupi. Lakini kuzinduka kwake ndiko kulikotuharibia mwezi mzima.

Alifumbua macho na hakuwepo. Sina namna nyingine ya kusema. Mwili uliamka na akili ikabaki nyuma. Alipiga mateke, akamng'ata muuguzi, akajikwaruza shavu mpaka damu ikatoka. Alikuwa akilia "Baba! Baba!" na baba yake ndiye aliyembeba. Muuguzi alikuwa amemwambia Honi ashushe sauti kwa sababu ya wagonjwa wengine, naye akatii, akawa anamnong'oneza mtoto sikioni, "Niko hapa, niko hapa," na mtoto akazidi kumsukuma kifua kama anayesukuma mtu wa njiani. Baadaye akasinzia, akaamka, akaomba maji, akaanza kuuliza maswali yake kama kawaida. Wauguzi walisema hutokea kwa watoto wadogo na hupita bila kuacha kitu.

Kwa Honi halikupita. Siku zilizofuata Honi alipiga bati vibaya, akatoboa mlango wa gari la watu. Kila jioni alikuja kusimama karibu yangu ninapochanganya rangi, akaanza pale pale alipoishia jana.

"Shemeji, alikuwa ananitafuta nami nimembeba."

Nilimwambia ni dawa. Akasema anajua ni dawa. Akaondoka, akarudi. Akasema dawa hiyo haimwingii tena mwanawe. Ukungu ubaki machoni, yeye atamshika mkono maisha yake yote.

Hapo ndipo walipogombana na dada. Nasema waligombana, lakini aliyegomba alikuwa mmoja. Dada alimwacha aseme mpaka majirani wakajua pande zote mbili za shauri, kisha akarudia maneno ya daktari wa macho: jicho la mtoto lisipotumika, ubongo hulisahau, na ukishalisahau hata likisafishwa halina wa kulipokea. Akamuuliza kama mkono wake utakuwepo mtoto akiwa na miaka hamsini. Honi akatoka nje. Kesho yake akaniambia niwasindikize hospitali, wakapange siku.

Siku ya kupanga, daktari wa usingizi alituita pembeni. Alikuwa mama mfupi, mwenye kofia ya kitambaa chenye maua na viatu vya mpira. Alikuwa amesoma habari za ile siku ya kung'ata watu. Akatueleza kwamba kuna jambo wanalijaribu pale kwa watoto wadogo: mtoto akiwa kwenye nusukaputi wanamvalisha hedifoni ndogo, wanamsikilizisha sauti anayoijua ya nyumbani, kwa kiasi cha chini, tangu analala mpaka anazinduka. Wanatazama kama ataamka kwa utulivu zaidi. Hakutudanganya. Alisema kuna walioona inasaidia na kuna walioona haibadilishi kitu, na hakuna anayejua kwa hakika ni kiasi gani mtoto anasikia mle alimo. Ila haimdhuru, na dawa zake zote atapewa vilevile.

"Sauti ya mama ndiyo tunayoitumia zaidi," akasema, akimgeukia dada. "Lakini nijibu wewe mwenyewe. Akiogopa, anamwita nani?"

Honi alitazama sakafu. Dada alikuwa na mkoba mapajani, akafungua zipu, akaifunga.

"Baba yake," akasema.

Njiani kurudi alitutangulia, na alipofika nyumbani akafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ikabaki kazi ya kurekodi. Jioni hiyo nilimpa Honi simu yangu, tukamfungia chumbani peke yake. Nilikuwa mlangoni, namsikia anakohoa, anajipanga. Akaanza kwa sauti ya chini, laini, iliyonyooka kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba: "Mwanangu mpendwa, huyu ni baba yako. Usiwe na wasiwasi." Akaendelea hivyo kwa uvumilivu ambao sijawahi kumwona nao. Alipotoka alikuwa amelowa jasho, na alijivuna kidogo.

Tukamwita Chiriku asikilize. Akaweka sikio kwenye simu, akanyamaza, jambo ambalo ni nadra.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni baba," nikamwambia.

"Siye."

Tukamrudishia mwanzo. Akasikiliza tena kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni, halafu akasema huyo mtu anaongea vizuri lakini yeye anataka kwenda kucheza. Dada aligeuza uso ukutani, mabega yakimtikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka. Honi alitoka. Nilimkuta uani amechuchumaa kwenye bomba la maji, anaifungua nati na kuikaza, anaifungua na kuikaza.

Kesho yake alinivuta tukarudi kwa yule daktari bila miadi. Tulimsubiri ukumbini, yaani mimi nilimsubiri, Honi alipima urefu wa ukumbi kwa miguu. Alipotoka, Honi akamwambia kwa sauti yake halisi, na ukumbi mzima ukageuka, kwamba jambo hili halimfai. Akisema kwa upole mwanawe hamjui, na akisema anavyosema siku zote atampasua mtoto masikio.

Daktari akacheka kidogo, akamshika kiwiko. "Baba, wewe sema kama unavyosema. Kupunguza ni kazi yangu."

Akamwingiza ofisini, akamwonyesha kile kifaa na kitufe chake cha kuzungusha. Honi akakishika. Akazungusha juu, akazungusha chini, akasikiliza wimbo fulani ukikua na kunywea. Tulipokuwa tunatoka akaniambia, "Tangu nizaliwe sijaona mtu wa kunipunguza bila kunigombeza."

Basi tukamrekodi kazini. Nilining'iniza simu kwenye kioo cha pembeni cha lile lori, karibu na dirisha la Chiriku, na nikamwambia Honi ajifanye haipo. Mwanzoni alikuwa anaitupia jicho kila anapopita. Kisha likaletwa gari lililoumia ubavuni, akalisahau lile jambo kabisa. Yote yakaingia: baba anapita, baba ameshika koleo, mlango utalia, kaa ndani pana moto, na majibu ya mtoto, na ubishi mrefu kuhusu kama bati linaumwa likipigwa. Nyumbani nilikaa na rafiki yangu anayejua mambo hayo tukakata midundo ya nyundo, maana daktari alisema vyuma vinavyogongana chumba cha upasuaji vinamtosha. Tukakata na matusi. Tusi moja liliponyoka, lile la kulilinganisha bati na kiburi cha mkwe wake. Mkwe wake ni mama yangu mzazi. Nikaliacha.

Siku ya upasuaji mtoto hakutakiwa kula wala kunywa tangu usiku, na tulifika mapema kwa kuwa alikuwa wa kwanza. Hakuwa wa kwanza. Kabla hajaitwa aliletwa mtoto mwingine aliyejichoma jichoni na waya, na huyo hangoji. Tukaambiwa tuvumilie. Chiriku alivumilia kwa kuongea, kisha kwa kunung'unika, kisha akalia kwa njaa, kilio kile cha haki ambacho huwezi kukijibu. Kila mtu aliyepita na chupa ya maji alikuwa kama anatuchokoza. Honi alimbeba, akatembea naye, akarudi, akamuuliza muuguzi, akaambiwa bado. Akatembea tena. Niliona anaangalia mlango wa nje kila anapogeuka, na kila akigeuka anausogelea zaidi.

Mara ya mwisho hakugeuka. Alikuwa ameshika kitasa, mtoto begani, tulipomwona dada amesimama mbele yake. Sijui alifikaje pale kabla yangu. Hakumgusa.

"Baba Chiriku," akamwambia, "ukimtoa leo hutamrudisha. Nakujua."

Honi akasema mtoto ana njaa. Dada akasema anajua, yeye ndiye aliyemnyima. Walisimama hivyo, mtoto analia katikati yao, watu wanatupita pembeni. Kisha dada akanyoosha mikono, na Honi, badala ya kumpa mtoto, akarudi nao wote wawili hadi kwenye benchi. Akakaa. Mguu wake uliendelea kuipiga sakafu mpaka benchi zima likawa linatetemeka nasi.

Walipoitwa, mzazi mmoja aliruhusiwa kuingia mpaka mtoto alale. Dada akamsukuma mumewe mgongoni. Yaliyotokea mle alinisimulia Honi mwenyewe baadaye, zaidi ya mara moja, na kila mara kwa namna ile ile, kwa hiyo naamini. Walimvalisha gauni la kijani na kofia. Daktari wa usingizi akamvalisha mtoto hedifoni kabla ya kitu kingine chochote, akabonyeza. Chiriku akaacha kulia. Akapeleka mkono hewani kumtafuta baba yake upande wa pili, mbali na alipokuwa amesimama.

"Baba, uko gereji?" akauliza.

Daktari akamwekea mtoto ile barakoa ya hewa puani na mdomoni, na Chiriku akaanza kumwambia mtu asiyeonekana kwamba mlango unalia, ni bawaba. Neno la mwisho halikufika. Wakamwambia baba atoke.

Kungoja kule sitaki kukumbuka. Honi alikaza kishikio cha dirisha kilicholegea kwa kutumia ufunguo wake wa nyumba. Akaendea kingine. Mlinzi akamwambia aache mali ya hospitali, akaacha, akaenda kusoma mabango ya ukutani yote, hata la kunyonyesha. Akaniuliza kama ile sauti niliikata vizuri, kama midundo haikubaki, kama mtoto asije akadhani ameachwa ndani ya lori. Nikamwambia midundo haikubaki. Akaniuliza tena. Dada alikaa, mikono juu ya mkoba, akitazama mlango wa upasuaji tu. Mlango ukifunguka, wote watatu tunasimama, ni mtu na ndoo.

Hatimaye wakatuita chumba cha kuzindukia. Chiriku alikuwa amelala ubavu, jicho la kulia limefunikwa kwa bandeji na kikinga kigumu juu yake, hedifoni bado masikioni. Daktari wa usingizi alikuwa kichwani pake. Alituashiria tukae kimya. Mtoto akaanza kusogea. Akakunja uso, midomo ikacheza, akaanza kulia. Lakini kilikuwa kilio cha chini, cha mtu aliyeonewa, si kile cha siku ile. Alikuwa anasema anataka maji. Daktari akamvua hedifoni taratibu. Na hapo hapo mkono mdogo ukapanda kwenda kwenye bandeji.

"USIGUSE, PANA MOTO!"

Nadhani walimsikia hadi jiko la hospitali. Muuguzi aliangusha kalamu. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na kichanga kilicholala vizuri tu, kikaamka kikilia kwa nguvu zote, na mama yake akatutazama kwa jicho ambalo tulilistahili. Lakini mkono wa Chiriku ulisimama hewani. Ukashuka. Akageuza kichwa palepale alipokuwa baba yake, asikosee hata kidogo.

"Baba, sijagusa," akasema. Akalala tena.

Honi alikaa chini sakafuni. Hakuna aliyemwambia akae.

Nilimuuliza daktari wa usingizi, tulipokuwa tunamwomba radhi mama wa kichanga, kama basi ile sauti imefanya kazi. Alitikisa kichwa, si kukataa wala kukubali. Alisema amewaona watoto waliozinduka kwa utulivu bila kusikilizishwa kitu, na amewaona waliopiga kelele huku sauti ya mama ikiimba masikioni. Mtoto mmoja hawezi kumwambia. Safari hii dawa ilikuwa tofauti kidogo, mtoto amekua kidogo, na amemzoea yeye daktari. "Nitamhesabu pamoja na wenzake," akasema. "Halafu tutaona." Kisha akamgeukia Honi, akamwambia kwa sauti ya juu, ili asikie, kwamba masikio yake nayo yanahitaji kupimwa. Honi akasema atakwenda. Hajakwenda.

Bandeji ilipotolewa na uvimbe ukapungua, walimpa miwani mizito inayofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Jicho lile haliwezi kuwa kama la mtoto mwingine, tuliambiwa hivyo mapema, lakini lilianza kushika vitu. Alimtazama baba yake muda mrefu siku ya kwanza, akamgusa ndevu, akamwambia alidhani ni mkubwa zaidi. Na asubuhi moja gereji, Honi alipoanza kutangaza kama kawaida kwamba anapita mbele, sauti ikatoka kwenye lori: "Baba, nakuona." Alisimama na nyundo mkononi kama mtu aliyeambiwa hadaiwi tena. Siku hiyo hakutangaza kitu tena, na wateja wakaniuliza kama anaumwa.

Jicho la pili lilifuata baada ya miezi kadhaa. Safari hiyo daktari alimwita dada pembeni, wakaongea wawili, nasi hatukuambiwa. Tulikuja kujua baadaye kwamba sauti iliyowekwa ilikuwa ya dada, akimsimulia mtoto unga unavyoumuka. Chiriku alizinduka, akanitapikia shati, akalala. Hiyo nayo sijui daktari aliihesabu vipi. Dada alipokuwa ananifuta shati alikuwa na uso ambao sijauona kwake tangu harusi.

Siku hizi mtoto hakai tena ndani ya lori. Anazunguka na miwani yake, mikono nyuma kama mkaguzi, na Honi anamfuata kwa macho kazi nzima, nyundo inakosa bati. Juzi nilikuwa nimemaliza gari jeupe la mteja mgumu, nimelisimamisha juani likauke, najipongeza. Chiriku akaja, akasogeza uso mpaka miwani ikakaribia mlango.

"Mjomba," akasema, "hapa rangi imechuruzika."

Nikamwambia hapana. Baba yake akaja, akainama, akatazama, akaanza kucheka kwa ile sauti yake, na barabara nzima ikajua. Ilikuwa imechuruzika kweli. Nikachukua msasa.